Mifereji Miwili

Alfajiri, Ibra. Nimesimama nje ya mlango wa choo,
sikio ubaoni, pumzi nimeibana.
Ndani, mwanangu anakojoa.

Wameniambia: sikiliza.
Ukiwa uzi mmoja unaopiga maji kwa kishindo, shukuru.
Ukiwa wa kusukuma, wa kukunja uso,
mwembamba kama uzi wa kudarizia kofia, tupigie simu.
Homa, usaha, uvimbe: usipige simu, njoo.
Nimenunua daftari.
Kalamu nimeifunga kwa kamba kwenye bomba.

Tulianza na mpira. Siku saba.
Mtoto wa miaka minne, aliyekwisha jisifu kwa suruali,
akarudishwa kwenye nepi, tena mbili,
moja juu ya nyenzake, mpira ukitonea katikati.
Usiku kibofu kilimkamata, kikamkaza,
akapiga mateke, akamwita mama yake,
na Raya yupo pale pale, amemkumbatia.
Mimi nilipewa kijiko cha dawa.
Nusu niliimwagia shuka.

Mama yangu, Bi Zuwena, mzaliwa wa Wete,
Kiarabu chake ni cha sokoni, cha maumivu ni Kiswahili.
Tangu arubaini alikuwa akiuliza:
"Mbona mtoto hatiwi tohara? Mna nini nyie?"
Nikamwambia, Mama, tundu halikukaa penye ncha,
limekaa chini, na ile ngozi ni akiba,
daktari atashonea kwa kitambaa cha nguo ile ile.
Akashusha kofia aliyokuwa akishona.
"Ah," akasema. "Kiraka."
Hakuuliza tena, na shangazi zangu walipouliza
aliwauliza yeye habari za sukari zao.

Wiki ya sita: "Baba! Njoo uone! Nina mifereji miwili!"
Na kweli. Mmoja mbele, kama watu.
Wa pili kama unywele, unatokea chini,
unamlowesha kisigino.
Alikuwa anacheka. Nani mwengine pale mtaani ana miwili?
Nikacheka naye, nikampangusa mguu.
Kisha nikaenda kukaa garini,
mwezi wa Juni, vioo vimefungwa, injini sijaiwasha.

Maskati. Daktari Thuraya aliinama, akatazama kwa muda,
hakunipa pole. Nilimpenda kwa hilo.
"Kitundu. Hutokea. Si kosa lako wala la mama yake."
Basi shona, nikasema. Kesho. Leo.
"Miezi sita. Nyama bado mbichi, haitashika uzi.
Kingine huziba chenyewe. Kingine hakizibi.
Utaniletea daftari."

Miezi sita!
Njia nzima ya kurudi niligombana naye kichwani,
mpaka tukapita mashamba ya mitende, nikaona falaji
niliyoitengeneza mwenyewe mwaka juzi.
Hiyo ndiyo kazi yangu. Mimi ndiye ninayewaambia wenye mashamba:
saruji haipigwi juu ya ufa unaotiririka.
Fungeni maji. Acheni ukuta ukauke.
Nao hunijia juu, mitende yao ina kiu,
na mimi huwaona hawana subira.

Lakini ukuta haukuulizi kitu usiku.
Mundhiri aliniuliza: "Wakiziba, wataziba upi?"
Wa chini, nikamwambia.
Akafikiri. "Ule ndio wangu," akasema, akalala.

Sasa chekechea anakojoa kwa kukaa, viatu visilowe.
Mwalimu anajua. Watoto wenzake hawajui bado.
Siku yao itakuja, na siku hiyo sijui nitasimama nyuma ya mlango gani.

Maji yanavutwa. Kitasa kinazunguka.
"Baba, umesikia?"
Nimesikia.
"Ilikuwa nzuri?"
Nzuri sana, nasema, nikiivuta ile kalamu ya kamba,
na kwenye daftari naandika: miwili.
Wa chini umepungua? Sijui.
Naandika na hilo pia.